Jinsi ya kupima kama mnyoo anaweza kurithisha alichojifunza, bila kujidanganya mwenyewe

Muulize mtu yeyote aliyesoma baiolojia ya sekondari kama mnyama anaweza kumrithisha mwanawe kitu alichojifunza, atakukatalia palepale. Atakwambia twiga hakupata shingo ndefu kwa kuinyoosha, Lamarck, yule mtaalamu wa viumbe wa Kifaransa, alisema hayo 1809 akakosea, tufunge mjadala. Na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Ila ukishuka huku chini kabisa kwa minyoo bapa na konokono wa bahari na vile vinyoo vya udongoni ambavyo bila darubini huvioni vizuri, mambo hayajanyooka hivyo, kuna matokeo ambayo mpaka leo yanagombanisha maprofesa.

Uzuri wake ni kwamba sehemu moja ya hili swali unaweza kuijaribu mwenyewe kwa wembe, visahani na simu yenye kamera. Sehemu nyingine huwezi, inahitaji maabara, ila unaweza kujifunza kuisoma habari yake bila kupigwa changa la macho. Ntaenda na zote mbili, na nakuonya mapema kwamba kumfundisha mnyoo ndo kazi rahisi, kazi ngumu ni kuhakikisha ulichokipima ni kumbukumbu kweli.

Kabla ya yote, jua unauliza swali gani

Watu wanachanganya vitu vinne kwenye sufuria moja. Kuna kumbukumbu kubaki mwilini hata ubongo ukiondoka. Kuna kumbukumbu kuhamishwa kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine, kwa kudungwa sindano au kwa kuliwa (ndio, kuliwa, ntafika huko). Kuna kupita kwenye yai mpaka kwa watoto na wajukuu. Afu kuna kuiga tu, ambako hakuna ubishi wowote. Wale nyuki wanene wenye manyoya, 2016 maabara ya Lars Chittka kule London iliwafundisha kuvuta kamba ili watoe ua bandia lenye maji ya sukari chini ya kioo, wenzao wakaangalia wakajifunza, na ujuzi uliendelea kusambaa hata mwalimu wa kwanza alipokwisha kufa. Hiyo ni mila, sio urithi wa mwilini. Kwaiyo ukisikia mtu anakwambia "wadudu wanarithishana tabia" swali lako la kwanza liwe, mtoto alimwona mzazi? Kama alimwona, au walikaa chombo kimoja, hapo hujathibitisha kitu.

Tuanze na planaria

Planaria ni mnyoo bapa wa maji baridi, mara nyingi hafiki sentimita 2, kichwa cha pembetatu na macho mawili yanayoonekana kama makengeza. Anakaa chini ya mawe na majani yaliyooza kwenye vijito na madimbwi yenye maji safi. Kumnasa ni rahisi, funga kipande kidogo cha ini kwenye uzi, kitumbukize pembeni ya kijito jioni, rudi baada ya saa moja uangalie nini kimeng'ang'ania.

Kwanini huyu? Kwa sababu ana ubongo wa kweli, mdogo lakini upo, na ukimkata kichwa mkia unaotesha kichwa kipya chenye ubongo mpya. Mwanabiolojia Thomas Hunt Morgan alikuwa anawakatakata hawa tangu 1898. Sasa fikiria, mnyoo amejifunza kitu, unamtoa ubongo wote, mkia unajenga ubongo mwingine kuanzia sifuri. Je huo ubongo mpya unajua? Kama unajua, basi kumbukumbu ilikuwa imejificha mahali pengine mwilini.

Na kuna jambo ambalo wengi wanalipita. Kuna planaria wengi ambao hawatagi mayai, wanazaliana kwa kujikata wenyewe, mkia unang'ang'ania chini, sehemu ya mbele inavuta mpaka wanaachana, na kila upande unakuwa mnyoo mzima. Kwaiyo kwa mnyama huyu mkia ndo mtoto! Swali la "kumbukumbu inabaki bila ubongo" na swali la "mtoto anarithi" ni swali moja tu. Kwa mnyama mwingine hayo ni maswali mawili yasiyojuana.

Historia kidogo maana itakusaidia usirudie kosa. 1955 Robert Thompson na James McConnell, Marekani, walitangaza kwamba wamemfundisha planaria, taa inawaka afu shoti ya umeme, taa, shoti, mpaka mnyoo akawa anajikunyata akiona taa tu. 1959 McConnell na wenzake wakasema hata aliyekatwa akaota upya anakumbuka, mkia na kichwa wote. 1962 wakaja na kubwa zaidi, kwamba mnyoo akila vipande vya mwenzake aliyefundishwa anajifunza haraka. Ikawa gumzo, watu wakaanza kuwaza vidonge vya masomo. Kufika 1964 watafiti wengine wakaangalia upya wakakuta mnyoo aliyekula wenzake waliosumbuliwa tu au kumulikwa taa tu, bila somo lolote, naye anaonekana "kajifunza". Mnyoo alikuwa kashtuka, au kashiba, au vyote viwili. Ukichapwa shoti mara mia utaruka hata mlango ukibamizwa, na hapo hujajifunza mlango.

Kwaiyo shoti tunaachana nayo. Unamtesa mdudu na bado data inakuja chafu.

Jaribio lenyewe

Ntakupa toleo la nyumbani la kile walichofanya Tal Shomrat na Michael Levin wa Chuo Kikuu cha Tufts mwaka 2013. Wao walikuwa na mashine inayofuatilia kila mnyoo kwa kompyuta, we utakuwa na simu. Wazo ni zuri sana kwa urahisi wake. Planaria hapendi mwanga, na akiwekwa sehemu ngeni anazubaa pembeni muda mrefu kabla ya kwenda kula. Ila akiwa kazoea mahali, anajikaza anaingia kwenye mwanga kufuata chakula. Basi unachomfundisha ni mahali tu.

Tafuta minyoo 48, wote wa kopo moja na ukubwa unaokaribiana. Maji yasiwe na klorini, kama ni ya bomba yaache wazi siku moja au mbili, au tumia ya chemchemi. Weka gizani, joto la nyuzi 18 mpaka 22 hivi. Lisha mara moja au mbili kwa wiki ini au kiini cha yai kilichochemshwa, na baada ya saa moja au mbili toa mabaki ubadilishe maji, sisitiza hapa, maji yakichacha utaamka asubuhi umekuta supu. Kuwahamisha tumia dropa au brashi laini ya rangi, kibano kitawachana.

Gawa makundi mawili ya 24. Usigawe kwa kuwachota, maana wanaochoteka kwanza ndo wale machachari, utajikuta umeweka machachari wote kundi moja. Rusha sarafu kwa kila jozi, mmoja aende huku mwenzake kule.

Kundi la kwanza wanakaa na kulishwa kwenye visahani ulivyovikwangua chini kwa msasa vikawa na mikwaruzo. Kundi la pili visahani laini. Kila kitu kingine kiwe kilekile, chakula kilekile, saa zilezile, idadi ya kuguswa na brashi ileile. Ukilisha hawa saa mbili asubuhi na wale saa nane mchana basi umepima ratiba ya chakula. Endelea siku 10, katika hizo wape chakula kidogokidogo chini ya mwanga wa taa, wote wawe na uzoefu wa taa, tofauti pekee ibaki sakafu.

Siku ya mtihani, wasiwe wameshiba. Chukua kisahani chenye mikwaruzo ambacho hakuna mnyoo amewahi kukanyaga, weka chembe ya ini kwenye robo moja, mulika hiyo robo tu, sehemu nyingine iache gizani na taa nyekundu hafifu ili kamera ione (taa nyekundu hawaijali sana). Mweke mnyoo upande wa pili. Anza kuhesabu mpaka kichwa chake kigote kwenye chakula. Weka kikomo dakika 15, asiyefika mwandikie 15 uendelee na mwingine.

Sasa kuhusu ute. Planaria anatembea juu ya ute wake mwenyewe kama konokono, na anayekuja nyuma anapenda kuufuata. Mimi mara ya kwanza nilipima kundi la kwanza lote, afu la pili lote, kwenye kisahani kimoja nilichokuwa namwaga maji tu na kuweka mengine. Kundi la pili likawa linaenda kwenye ini kama limechorewa barabara, na kweli lilikuwa limechorewa barabara! Nikakaa siku mbili najiuliza kwanini wasiofundishwa ni hodari kuliko waliofundishwa. Niliona tu nilipoinamisha kisahani kwenye mwanga wa dirisha, michirizi imejaa inang'aa, yote inaelekea robo ileile. Kwaiyo kati ya mnyoo na mnyoo kisugue kwa maji ya moto na kitambaa, sabuni hapana maana mabaki yake yanaua, na wapime kwa kupishanisha, mmoja wa huku mmoja wa kule.

Cha pili usichotakiwa kuruka, anayehesabu muda asijue mnyoo ni wa kundi gani. Mpe mtu mwingine aandike namba za siri kwenye makopo afiche karatasi. Utasema mi ni mwaminifu bana, sihitaji. Kila mtu ni mwaminifu, ila kichwa cha mnyoo kikiwa nusu milimita kutoka kwenye chakula jicho lako litaamua "kafika" kwa unayemshangilia na "bado" kwa mwingine.

Kukata

Usilishe wiki nzima kabla. Weka mnyoo juu ya karatasi yenye unyevu, chini yake barafu ili atulie, wembe mpya, kata nyuma ya kichwa kabisa, chini ya yale masikio ya pembeni, usiache hata kipande cha ubongo. Vichwa tenga kopo lingine, mikia ndo tunayoitaka. Kila mkia kopo lake na namba yake ileile. Usiwape chakula. Karibu wiki moja utaona vidoti viwili vya macho vimeanza, wiki mbili kichwa kimekamilika na wanaweza kula tena. Makopo mengine yatakufa, ni kawaida, andika, usiwafiche kwenye hesabu.

Sasa ukiwapima moja kwa moja utakatishwa tamaa. Hata Tufts hawakuona tofauti ya maana mpaka walipowapa wote, waliofundishwa na wasiofundishwa, kikao kimoja kifupi cha kulishwa kwenye sakafu ya mikwaruzo, kama kuwakumbusha. Baada ya hapo ndo wale ambao mikia yao ilitoka kwa waliozoea walianza kuwahi chakula, wiki mbili baada ya kukatwa kichwa. Yaani ubongo mpya haukuja na somo limeandikwa, ulikuja na wepesi wa kulipata upya. Mimi naona hiyo ndo sehemu tamu kuliko kichwa cha habari chenyewe, na ndo hiyo magazeti huwa yanaikata. Kwaiyo nawe wape wote kikao kimoja cha ukumbusho, afu kesho yake pima.

Hesabu bila kuwa mtaalam wa hesabu

Una muda wa kundi la kwanza na la pili. Tafuta wastani wa kila kundi, toa, upate tofauti. Sasa kata vikaratasi 48, au vilivyobaki baada ya vifo, kila kimoja andika muda wa mnyoo mmoja, changanya kwenye bakuli, gawa mafungu mawili bila kuangalia, tafuta tofauti ya wastani wao. Rudia mara 100. Inachosha ila redio ikiwepo inakwenda. Ukikuta kwenye hizo mara 100 bahati tupu imetoa tofauti kubwa kama yako mara 20 au 30, huna kitu, ni vumbi. Ikitoa mara 2 au 3 tu, anza kutabasamu, afu rudia jaribio zima na minyoo wapya kabla hujamwambia mtu. Yangu ya kwanza, ile ya ute, nilivyoirekebisha, vikaratasi vilinishinda vizuri tu, yaani sikuwa na kitu.

Za kudungwa sindano

Hii huifanyi nyumbani, unaisoma tu. 2018 David Glanzman na wenzake wa UCLA, chuo kikuu cha California kule Los Angeles, walichukua konokono wa bahari anaitwa Aplysia, mnyama yuleyule aliyempa mtafiti wa kumbukumbu Eric Kandel Nobeli ya 2000, wakampiga shoti mkiani mpaka akiguswa anajikunja kwa kama sekunde 50 wakati asiyepigwa anajikunja sekunde moja hivi. Wakatoa RNA (zile molekuli zinazobeba na kuongoza maelekezo ya jeni ndani ya seli) kwenye neva zake wakamdunga konokono ambaye hajawahi kupigwa, naye akaanza kujikunja kama sekunde 40. Waliodungwa RNA ya konokono wasiopigwa hawakubadilika.

Ukiisoma tumia jicho lilelile la 1964. Je kilichohama ni kumbukumbu ya tukio, au ni hali ya kushtukashtuka? Glanzman mwenyewe anaamini kuna kumbukumbu humo, wenzake wengi wanasema RNA imefanya neva ziwe nyepesi kusisimka, basi. Mi naegemea kwa hao wa pili kidogo, maana konokono aliyedungwa hajui alipigwa wapi wala lini, kajikunja tu. Ila kitu kimehama, hilo ndo gumu kulikataa.

Za kupita kwenye yai

Hapa mfalme ni C. elegans, kimnyoo cha milimita 1, nyuroni (seli za neva) 302 tu, na kizazi kinachukua siku tatu hivi, ndo maana kinapendwa, ndani ya wiki mbili una vitukuu. Kinakula bakteria, na kuna mmoja anaitwa Pseudomonas aeruginosa ambaye mwanzoni kinampenda ila anakiua polepole. Ukikiacha nae siku moja kinajifunza kumkwepa. 2019 timu ya Coleen Murphy wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ikasema watoto nao wanamkwepa, wajukuu, mpaka kizazi cha nne, cha tano ndo wanasahau wanarudi kupenda. 2020 wakaonyesha njia, kwamba kuna kipande kidogo cha RNA cha yule bakteria ambacho mnyoo anakimeza na kinazima jeni moja ya mnyoo inayoitwa maco-1. Yaani mnyoo kamsoma adui kwa tumbo.

Ukikutana na habari ya namna hii hesabu vizazi kwa vidole. Mama akikutana na bakteria akiwa na mayai tumboni, mtoto naye amekutana nae, na ndani ya huyo mtoto chembe zitakazokuja kuwa mjukuu tayari zipo. Mtoto akikwepa usishangae. Mjukuu ndo aanze kukuvutia, kitukuu ndo akushawishi.

Afu angalia kama mtu mwingine kapata kitu hichohicho. Kwenye hili, maabara ya Craig Hunter wa Harvard ilirudia ikaona kwa watoto tu, wajukuu hamna. Maabara nyingine ikarudia kwa kufuata maelekezo ya Princeton kwa karibu, ikaona kwa wajukuu. Sehemu ya ugomvi utaicheka: mnyoo akifika kwenye doa la bakteria, unamgandishaje? Princeton wanaweka dawa inayomlaza palepale anapofika, kwa hoja kwamba ukimwacha azurure ataonja, atajifunza upya au atabadili mawazo, na utakuwa umepima mafunzo ya leo badala ya urithi wa bibi. Wenzao walitumia baridi kuwasimamisha wote baada ya muda. Kitu kidogo kama hicho kinaamua kama kuna urithi au hakuna, na ni ndugu kabisa wa ute wangu kwenye kisahani.

Ukimaliza

Minyoo wako usiwamwage kwenye maji mengine tofauti na ulikowatoa, wanaenea haraka na wanakula vya wenyewe. Wabakize. Mnyoo akishiba vizuri na kupata utulivu, baada ya wiki kadhaa utakuta kopo la mmoja lina wawili, amejikata mwenyewe usiku bila wembe wako. Huyo wa nyuma ni mtoto aliyezaliwa bila kichwa kutoka kwa mzazi aliyefundishwa, mhamishe haraka kopo lake kabla hujawachanganya, andika namba ya mzazi na tarehe ubavuni kwa kalamu isiyofutika, hesabu siku 14, andaa kisahani kipya cha mikwaruzo.